Geuza Nomino, Upande Cheo: Mwongozo wa Mfanyakazi Mpya

Hongera kwa kazi mpya. Ofisi iko juu ghorofani, Masaki au Westlands, kiyoyozi kinatafuna mifupa, makao makuu yako London au New York, na kila Jumatatu saa kumi jioni, wakati wewe unawaza foleni ya kurudi nyumbani, kuna kikao cha mtandaoni ambacho watu wa nchi tano huzungumza Kiingereza usichofundishwa shuleni. Mwalimu wako wa kidato cha pili alikuapia kwamba "action" ni nomino. Kikao hakijamaliza dakika kumi, mtu wa London ameomba taarifa fulani iwe "actioned" kabla ya Ijumaa. Mwingine ana wazo, anataka tuli-"workshop". Wa tatu anatangaza kwa furaha kwamba mfanyakazi mpya wa Afrika Mashariki, yaani wewe, ameshakuwa "onboarded", na wewe unajua fika kwamba hujapanda meli wala ndege. Umepanda daladala, tena ukasimama njia nzima.

Usitishike. Lugha hii haina ugumu wowote. Kazi yake yote ni kuchukua jina la kitu na kulituma kazi ambayo halikuzaliwa nayo. Ukiumudu ufundi huu, baada ya muda si mrefu utakuwa mtu wa kuitisha vikao badala ya kuandika kumbukumbu zake, na katika ofisi za leo hiyo ndiyo tofauti ya mshahara.

Toa kwanza hofu ya sarufi. Zamani, kabla ya mwaka 1100, vitenzi vya Kiingereza vilikuwa na viishio vyake, na mtu alikitambua kitenzi kwa mwisho wake tu. Viishio hivyo vikachakaa, vikadondoka, na leo nomino na kitenzi vinavaa kanzu moja. Mwanasaikolojia Steven Pinker, katika kitabu chake The Language Instinct cha mwaka 1994, alikadiria kwamba karibu moja ya tano ya vitenzi vya Kiingereza vilianza vikiwa nomino. Kwa hiyo ukigeuza moja leo hujavunja sheria yoyote. Umeingia kwenye ukoo mkubwa tu.

Sisi tuna masharti zaidi. Dirisha haliwezi kudirisha, wala mlango haumlangi mtu. Katika samani zote za Kiswahili, moja tu ilijaliwa bahati hiyo, tena kwa sadfa: meza. Chakula kinawekwa juu yake, na kumeza ndiko kunakofuata. Basi mafunzo na yaanzie hapo mezani, maana Waingereza nao wana kitenzi chao cha meza, "to table", na sijaona chenye faida kukishinda. Kwa Mwingereza, ku-"table" hoja ni kuileta ijadiliwe sasa hivi. Kwa Mmarekani ni kuiweka kando, pengine isirudi tena. Winston Churchill alisimulia katika historia yake ya Vita Kuu ya Pili jinsi maofisa wa nchi hizo mbili walivyobishana muda mrefu juu ya waraka mmoja: Waingereza wanataka uwe "tabled" kwa kuwa ni wa haraka, Wamarekani wanakataa katakata kwa kuwa ni wa haraka, hadi wakagundua kwamba wote walikuwa wanataka jambo lile lile. Hapo umeshapata silaha ya kwanza. Mada yoyote inayokunyima usingizi, tuseme bajeti uliyoipitiliza, omba kwa sauti tulivu iwe "tabled". London watadhani wewe ni jasiri. New York watakushukuru kwa kuwaokolea muda. Na wewe, Mswahili, imeze.

Sasa uteuzi wa nomino, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoharibu.

Mwaka 1979 Eve Clark na Herbert Clark wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha makala ndefu juu ya nomino za Kiingereza zinazoibuka kuwa vitenzi, wakiwa wamekusanya mifano zaidi ya elfu moja. Walionyesha kwamba msikilizaji anakielewa kitenzi kipya kwa sababu anakijua kitu chenyewe: kinafanya nini, kinakaa wapi, kinatumika vipi. Ukisema ume-"bottle" mvinyo, umeutia kwenye chupa. Ukisema ume-"hammer" msumari, umeugonga kwa nyundo. Hata yule kijana wa magazeti wa Kimarekani anayesemekana ame-"porch" gazeti, kitenzi ambacho msikilizaji huenda hajawahi kukisikia, anaeleweka hapo hapo: amelirusha, likatua barazani kwa mteja.

Nomino za aina hiyo zikimbie. Zikigeuka vitenzi zinafanya kazi kweli, na kazi ikishafanyika kweli mtu anaweza kuuliza imefanywa lini, na nani, na kwa nini msumari umepinda. Wewe unahitaji nomino ambayo, hata ikigeuzwa, hakuna anayeweza kusema imefanya nini. Kipimo changu ni mtoto wa darasa la pili. Mwambie aigize "hammer", atakunja ngumi na kugonga. Mwambie aigize "bottle", atamimina. Mwambie aigize "leverage", atakutazama, kisha atakwenda kumwita mama yake. Neno likishampeleka mtoto kwa mama yake, liko tayari kwa ofisi.

Hilo "leverage" lina nasaba nzuri. Chimbuko lake ni wenzo, ule mtaimbo wa kunyanyulia jiwe zito, na watu wa fedha wakalichukua kwa maana ya kukopa ili uwekeze kuliko ulicho nacho mfukoni. Maana hizo mbili zina uzito, kwa hiyo waachie wenyewe. Ya ofisini ni ya tatu, nayo ni "kutumia" basi. Ukiandika kwamba taasisi ita-"leverage" ushirika wake na wadau, umeandika kwamba itautumia ushirika huo. Lakini ungeandika "kutumia", msomaji angeuliza: kuutumia kufanya nini? Kwa "leverage" huulizwi. Mtu anahofia kuonekana ndiye pekee asiyejua.

Au chukua "solution". Kitenzi cha kazi hiyo kipo tangu zamani, "solve", kimekaa kinasubiri, ila kina kasoro moja kubwa: mwisho wake tatizo linatakiwa liwe limekwisha. "To solution" hakina masharti hayo. Unaweza ku-"solution" tatizo kuanzia Januari hadi Desemba, ukalipwa posho zote, na tatizo likafunga mwaka likiwa na afya njema kuliko wewe.

Lakini mfalme wao ni "impact". Watu wanakilaani wakidhani ni nomino iliyogeuzwa juzi na wauza mikakati, kumbe katika maandishi kitenzi ndicho kilichotangulia: kilikuwapo tangu mwanzo wa karne ya 17, nomino ikaja karne ya 18. Maana yake ya kwanza ilikuwa kushindilia, kubana kitu ndani ya kingine, na hadi leo madaktari wa meno wanakitumia hivyo kwa gego lililokwama ndani ya ufizi. Uzuri wa "impact" ya ofisini ni kwamba haina mwelekeo. Uamuzi fulani uta-"impact" wafanyakazi: utawainua au utawaangamiza? Kitenzi hakisemi. Kinaeleza kwamba kuna kitu kimegonga kitu, kisha kinaondoka eneo la tukio. Kikumbuke, tutakutana nacho tena.

Ukiwa na nomino ya Kilatini, iweke akiba ya siku wakubwa wapo. Januari 1981 Jenerali Alexander Haig, aliyependekezwa na Rais mteule Ronald Reagan kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alipokuwa anahojiwa na maseneta alisema atalazimika ku-"caveat" jibu lake, yaani kulitangulizia tahadhari. Waandishi wa habari walicheka hadi Kiingereza chake kikapewa jina, "Haigspeak". Waliocheka hawakukumbuka kwamba kwa Warumi wenyewe "caveat" ni kitenzi, maana yake "na ajihadhari". Kiingereza ndicho kilichokifanya nomino, na jenerali alikirudisha tu kwao. Seneti ilimthibitisha kwa kura 93 dhidi ya 6, jambo ambalo wapenda sarufi huwa hawalitaji.

Nomino ikigoma kugeuka yenyewe, ibandike mkia: -ise unapoandikia London, -ize unapoandikia New York. Utapata "incentivise", na "operationalise", na "diarise", ambacho ni kuandika tarehe kwenye shajara kwa namna inayomfanya mwandishi aonekane ana katibu muhtasi. Mwandishi E. B. White, alipokifufua mwaka 1959 kitabu kidogo cha aliyekuwa mwalimu wake William Strunk, The Elements of Style, aliwaonya wasomaji wasibandike mkia huo kwenye nomino ovyo ovyo. Kitabu kikauzwa kwa mamilioni. Mkia ukaendelea kubandikwa, bila shaka na wengi wa walionunua.

Tusijifanye wasafi, mkia wa namna hiyo tunao, ni -isha. Februari 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, benki za Tanzania zilitaifishwa. Kitenzi kimetoka kwenye nomino taifa, waziwazi, na hata mkulima wa Sumbawanga asiyekuwa na akaunti aliweza kuelewa kilichotokea: mali ilikuwa ya fulani, sasa ni ya umma, na aliyeichukua ni serikali. Miaka ya 1990 mambo yakageuka, mashirika yakabinafsishwa, na tena hapakuhitajika semina ili mtu ajue nani anachukua nini kutoka kwa nani. Unaweza kuupenda uamuzi au kuuchukia, lakini kitenzi hakikukuficha kitu. Wewe unayetaka kupanda cheo usiige mifano hiyo. Iga Kiswahili cha miradi ya wafadhili, ambamo kitenzi "kuwezesha" kimepikwa hadi kikaiva: mwezeshaji anawawezesha wawezeshwaji kwenye warsha ya uwezeshaji, na jioni kila mmoja anauliza kama nauli ipo. Ukipata taarifa ya warsha hiyo, isome yote utafute nani hasa anaweza kufanya nini leo ambacho jana hakuweza. Chukua chai kabisa, maana utakaa sana.

Ofisi za huku kwetu zina nyongeza ambayo makao makuu hawana, na ni vyema uitumie wakiwa wamezima vipaza sauti vyao. Kitenzi cha Kiingereza ukishakitangulizia ku-, kinapata uraia na kuanza kunyambuka kama wenyeji: naomba uni-action-ie, iwe ime-action-iwa kesho, mbona haija-action-ika? Hiyo ya mwisho ni zawadi kutoka kwa Mungu. Kauli ya kutendwa inamficha mtenda, ni kweli, lakini mkorofi mmoja anaweza kuuliza "na nani?" Kauli ya kutendeka haina hata nafasi ya kuliweka swali hilo. Kila mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili anaijua kinga hii tangu akiwa na miaka mitatu: yeye hajavunja sahani, sahani imevunjika. Basi ripoti haija-action-ika, bajeti haija-approve-ika, mteja haja-onboard-ika, na katika chumba chenye watu kumi na wawili na mabaki ya sambusa hakuna hata mmoja aliyehusika. Mwingereza akitaka kinga ya namna hii inabidi atafute mwanasheria.

Ila usichanganye ufundi huu na vitenzi vya mtaani, ambavyo kwa nje vinafanana nao. Mlio wa simu, "beep" ya Kiingereza, ulizaa kubipu: unapiga, unakata kabla haijapokewa, mwenye salio anarudisha. M-PESA ilipoanza Kenya mwaka 2007, jina lake halikukawia kutumika kama kitenzi cha kuombea hela. Vitenzi hivi vimejaa kazi hadi pomoni. Mtu akikuambia "nibipu ukifika", unajua nani anafanya nini, wakati gani, na gharama ni za nani. Hakuna anayeitisha kikao cha ufuatiliaji wa kubipu. Ndiyo maana kitenzi hicho kimekaa mtaani miaka yote hiyo na hakijaonekana kwenye mpango mkakati hata mmoja.

Baada ya miezi michache utagundua upungufu: nomino nyingi zimeshahamia upande wa vitenzi, na viti vyao viko wazi. Vijaze kwa vitenzi. Ombi liite "the ask", na likiwa zito liite "a big ask". Matumizi yaite "the spend". Mafunzo yaliyopatikana baada ya mradi kufa yaite "learnings", kwa wingi, hata kama ni moja na ni kwamba msirudie. Hapa sina la kuongeza, somo ni jepesi. Aliyeweza kwenda anaweza kurudi.

Tahadhari moja ya kisheria juu ya majina ya kampuni. Mwaka 2006 kamusi ya Oxford na ya Merriam-Webster zote mbili ziliingiza "google" kama kitenzi. Ungedhani wenye jina watachinja ng'ombe. Oktoba mwaka huo huo kampuni ikatoa andiko la kuwasihi watu walitumie neno hilo pale tu wanapotafuta kwa kutumia Google yenyewe. Xerox nayo ililipia matangazo ikiwaomba watu wasiliite kila tendo la kunakili kwa jina lake. Hofu yao ni kwamba alama ya biashara ikishakuwa neno la wote, mwenyewe anaweza kuipoteza. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya Marekani, ile ya Mzunguko wa Tisa, ilisema kwamba watu kulitumia jina la Google kama kitenzi hakutoshi peke yake kulifanya liwe la wote, kwa hiyo Google walilala usingizi. Wewe huna mawakili wa kiasi hicho. Ukitaka kugugo, gugo kimya kimya.

Katika kila ofisi yupo mpinzani mmoja. Mara nyingi ni mhariri, au mhasibu mkongwe aliyefundishwa na wamisionari, mwenye kalamu nyekundu na shinikizo la damu. Atakuambia kwamba "dialogue" si kitenzi na hakijawahi kuwa. Usibishane naye. Mpe Shakespeare, ambaye alikitumia kama kitenzi katika Timon of Athens miaka 400 iliyopita. Akitikisa kichwa, mwongezee Richard II, ambamo baba mdogo mmoja, Duke wa York, anamkemea mtoto wa kaka yake kwa kuligeuza neno "uncle" lenyewe kuwa kitenzi, kama mzee wa kwetu anavyoweza kumwambia kijana mtundu "usinishikamoo hapa". Mpinzani wako atanyamaza. Usimwambie kwamba York alijua kabisa anachokifanya, na kwamba kijana naye alimwelewa neno kwa neno.

Akiwa msomi zaidi atakurushia Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani. Tarehe 26 Desemba 1789, akiwa na miaka 83, Franklin alimwandikia mtunga kamusi Noah Webster akilalamika kwamba alipokuwa Ufaransa watu wamezigeuza nomino tatu kuwa vitenzi: "notice", "advocate" na "progress". Hiyo ya tatu aliiona mbaya kuliko zote. Alimwomba Webster, kama anakubaliana naye, aitumie sauti yake kuzipinga. Miezi minne baadaye Franklin akafariki, na vitenzi vyote vitatu viko hai. Mwambie mpinzani wako aangalie vizuri barua pepe zake za malalamiko. "Notice" haitakosekana humo.

Ila usishangilie mno, kwa sababu "progress" bado inasakwa. Mwaka 2013 kitengo cha huduma za kidijitali cha serikali ya Uingereza kilitoa mwongozo wa uandishi kwa watumishi wake, ukiwa na orodha ya maneno ya kuepuka katika tovuti ya serikali. "Leverage" imo, isipokuwa kwa maana ya fedha. "Dialogue" imo. "Impact" imo. Na "progress" kama kitenzi imo pia, zaidi ya karne mbili baada ya barua ya Franklin, lakini kwa hoja tofauti kabisa. Mzee Franklin alikuwa anatetea sura ya lugha, na katika vita hiyo alishindwa kwa haki, maana Kiingereza kingebaki maskini bila vitenzi vyake vya kuazima. Wale wa 2013 hawakujali sura. Walimuuliza mwandishi: unafanya nini hasa?

Swali hilo ndilo adui wa mwongozo huu wote. Jiulize mwenyewe ukiwa peke yako na utaona vitenzi vyako vikidondoka kimoja kimoja, na ukurasa wa taarifa ukibaki mistari mitatu. Kwa hiyo likiulizwa kikaoni usilijibu kamwe. Sema ni swali zuri sana, sema litakuwa "actioned", na umtazame aliyeuliza kwa huruma kama mtu ambaye hajaelewa picha kubwa.

Nimeacha mwisho matumizi makubwa kuliko yote, ambayo ni ya mazishi. Kampuni haziui kitu. Bidhaa inapokufa inakuwa "sunset", yaani inazamishwa kama jua, polepole, na rangi ya machungwa nyuma yake. Oktoba 2018 ndivyo Google ilivyoandika ilipotangaza kuufunga mtandao wake wa kijamii, Google+, kwa watumiaji wa kawaida, na watu waliokuwa na picha zao humo walipaswa waelewe kwamba huo ulikuwa mwisho wa siku tulivu. Mfanyakazi naye hafukuzwi. Anakuwa "transitioned", anavushwa, ingawa hakuna anayetaja ng'ambo ya pili kuna nini. Ukipanda cheo cha kutosha utaziandika barua hizi wewe mwenyewe, na mafunzo yote uliyoyapata yatakutana katika sentensi moja: nafasi yako imekuwa "impacted", na utakuwa "transitioned" kuanzia mwisho wa mwezi. Chunguza ufundi wake. Nani kaamua? Hayumo. Kwa nini? Hamna. Umeachishwa kazi? Halikutajwa neno hilo. Nomino isiyo na kazi imempokonya mtu kazi, na hakuna alama ya kidole popote.

Na kama barua hiyo wewe ndiye uliyeipokea, basi weka mwongozo huu pembeni, kwa sababu uliandikwa kwa ajili ya aliyeisaini. Usihangaike kuuliza "transition" maana yake nini. Sheria zinataja siku na mshahara. Nchini Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataka taarifa isiyopungua mwezi mmoja kabla ya kupunguza wafanyakazi, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao kwanza, na inaweka kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Omba hesabu hiyo kwa maandishi, pamoja na likizo ambazo hukuzichukua, kabla hujatia saini karatasi yoyote.